Kabla hamjasema ni uzee, mpimeni mama damu

Shangazi, naandika nikiwa nimechoka. Mama yangu ana miaka 71. Alikuja kuishi kwangu Morogoro kutoka Njombe baada ya baba kufariki. Alikuwa mwanamke wa shughuli: shamba la viazi, kwaya, kikoba, na hesabu za kikoba chote alizishika kichwani. Sasa amekuwa mtu mwingine. Anauliza jambo moja mara tatu. Juzi alibandika maharage akasahau, sufuria ikaungua. Ukimuuliza kitu anakaa kimya mpaka unakata tamaa, ndipo anajibu. Kanisani haendi, anasema watu wanamchosha. Anasinzia mchana kutwa. Kwa joto hili la Morogoro sisi tunatoka jasho, yeye yuko ndani ya sweta, na shingoni kajizungushia kitenge kuficha lile kovu lake la zamani la rovu. Sauti imekuwa nzito, inakwaruza, hata mama mkubwa akipiga simu hamtambui. Kaka yangu anasema ni uzee, tumwache apumzike. Mama mdogo anasema kuna mkono wa mtu. Duka la dawa walinipa vidonge vya usingizi na piritoni. Wiki iliyopita nilimfokea mbele ya wanangu, akalia. Kesho yake hakukumbuka, au alijifanya hakumbuki. Shangazi, huu ndio ule ugonjwa wa kusahau usio na tiba? Tumwache tu?

Binti Aliyechoka, Morogoro

Pole sana, mwanangu.

Katika barua yako yote, kilichonishika ni jambo ulilolitaja kwa kupita tu, ukiwa unalalamikia kitenge: kovu la rovu. Mimi ni muuguzi mstaafu, si daktari wa mama yako, na hakuna anayepima mgonjwa kwa barua. Lakini weka pamoja sweta kwenye joto, sauti iliyokwaruza, usingizi wa mchana, majibu yanayochelewa, na kovu la rovu shingoni mwa mama wa miaka 71 kutoka Njombe. Mhudumu wa afya anayeijua kazi yake hawezi kuyatazama hayo yote akatamka neno uzee kabla hajatoa damu.

Ninyi vijana rovu mmelisikia tu. Mama yako amekulia Nyanda za Juu Kusini, na huko udongo ni maskini wa madini joto, yale ambayo tezi ya shingoni huyatumia kutengenezea homoni zake. Tezi ikiyakosa hujitanua ili inase hata kidogo kilichopo, na shingo inavimba. Kabla chumvi yenye madini joto haijasambaa nchini katika miaka ya 1990, Njombe, Mbeya, Rukwa na Ruvuma mama mwenye rovu hakuwa kitu cha kushangaza mtu. Kuanzia miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe iliongoza ugawaji wa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi. Waliokuwa na rovu kubwa la kubana koo, hao walipelekwa kukatwa. Daktari aliondoa sehemu kubwa ya tezi, akashona, na mgonjwa akarudi kijijini anapumua vizuri.

Tatizo huja baadaye. Kipande cha tezi kilichobaki kinaweza kutosha kwa miaka mingi, kisha taratibu kikazidiwa na kazi. Hakiumi. Hakitoi homa. Mtu anapungua kidogo kidogo, na familia inaendelea kumzoea katika kupungua kwake, mpaka siku sufuria inapoungua. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kumpigia simu mama mkubwa umuulize: mdogo wake alipasuliwa mwaka gani, hospitali ipi, na je, alitoka na vidonge vya kumeza kila siku? Wapo waliopewa wakameza mpaka kopo likaisha, wakaona wamepona, wakaacha. Wapo ambao hawakuambiwa lolote.

Tezi hiyo inaitwa thairoidi. Iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, na kwa kawaida uzito wake haufiki hata gramu 30. Inatoa homoni mbili kubwa, T4 na T3. Tarakimu hizo ni idadi ya chembe za madini joto ndani ya kila homoni. T4 ndiyo inayotoka kwa wingi, T3 ndiyo yenye nguvu ya kazi, na ubongo una namna yake ya kuichukua T4 kwenye damu na kuigeuza T3 humo humo ndani. Watu wengi wanajua kwamba thairoidi inahusika na unene na wembamba. Wachache wanajua kwamba ubongo wa mtu mzima unaitegemea kwa kasi ya kufikiri, kwa kuhifadhi mambo mapya, na kwa ile hamu ya kuamka asubuhi na kuona kuna kitu cha kufanya.

Homoni hizi zikipungua, kila kitu kinapunguza mwendo. Moyo unadunda polepole, utumbo unakuwa mvivu na choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, uso unavimba kidogo asubuhi, nyusi zinapukutika upande wa nje, nyuzi za sauti zinajaa na sauti inashuka. Mwili unazalisha joto dogo, ndiyo maana ya sweta. Na akili nayo inapunguza mwendo. Rudia kusoma sentensi yako mwenyewe: anakaa kimya mpaka unakata tamaa, ndipo anajibu. Lakini anajibu! Mara nyingi mtu aliyepungukiwa homoni za thairoidi jibu analo, ila linachelewa kufika mdomoni. Mwenye ugonjwa wa Alzheimer, ule unaouogopa, mara nyingi hata ukimsubiri jioni nzima jambo la jana halimo, kwa sababu halikuhifadhiwa. Simaanishi kwamba tofauti hii inatosha kukata shauri, maana mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Ila jaribu leo jioni: muulize swali moja, kisha nyamaza. Usimsaidie neno, usitazame simu. Mpe dakika nzima, na uandike kilichotokea, kwa sababu daktari atataka kukijua.

Kuhusu kwaya. Anayesema watu wanamchosha, ambaye zamani alikuwa wa mbele katika kuimba, huyo huenda ana sonona, na sonona kwa wazee wetu haiji na machozi sana. Inakuja na ukimya, uchovu, kukataa chakula, kukataa wageni. Upungufu wa homoni za thairoidi unaweza kuileta sonona, na unaweza kuifanya ile iliyokuwepo isisikie dawa. Mama yako pia amefiwa na mume, amehamishwa kutoka kwenye shamba lake, na amekuja mjini ambako hana kikoba. Hayo peke yake yanatosha kumkunja mtu. Kwa hiyo hata tezi ikikutwa na kosa, msiutupie uchungu wote wa mama kwenye tezi.

Mambo haya ya tezi kuvuruga akili si mageni kwa waganga wa hospitali. Mwaka 1888 kamati ya madaktari wa London ilitoa ripoti ya wagonjwa zaidi ya 100 wa upungufu wa thairoidi, ikaonyesha kwamba kuchanganyikiwa akili kulikuwa jambo la kawaida kwao. Mwaka 1891 daktari wa Newcastle, George Murray, alimchoma sindano mama wa miaka 46 kwa maji yaliyotengenezwa kutokana na tezi za kondoo. Mama yule alikuwa mzito na mlegevu, akachangamka. Aliishi mpaka 1919, na Murray aliandika kwamba katika miaka hiyo alitumia dawa iliyotoka kwenye tezi za kondoo zaidi ya 870. Halafu mwaka 1949 Richard Asher, daktari mwingine wa Uingereza, aliandika habari za wagonjwa 14 waliokuwa wakionekana vichaa kumbe tezi zao zimekwisha. Asher alikuwa na kalamu kali; makala yake yaliwafanya madaktari waone aibu kumfungia mtu kwenye wodi ya akili bila kumtazama shingo. Siku hizi hatuhitaji kondoo. Dawa ni kidonge kidogo kinachoitwa levothairoksini, kipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Sasa kipimo cha tezi. Mpeleke hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, na ukifika ulizia dirisha la wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Kama mama ana kitambulisho cha wazee kutoka kwenu Njombe, kibebe, na kama hana, anza kukifuatilia kwa mtendaji wa mtaa wako. Maabara ikiwa haina kipimo hicho, wataichukua sampuli waipeleke kwingine, au watakuelekeza pa kwenda. Uliza bei kabla hajachomwa sindano, si baada.

Kipimo chenyewe kinaitwa TSH, na pamoja nacho omba T4 huru. Wengi wanachanganyikiwa na TSH kwa sababu inapanda pale tezi inaposhuka. Iko hivi. TSH haitoki shingoni. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha thairoidi. Fikiria mama anayemwita mtoto aliyeko uani: mtoto akiitika, mama hana haja ya kupaza sauti, asipoitika, mama anapaza, halafu anapaza zaidi. TSH ikiwa juu sana, jua thairoidi haiitiki. TSH ikiwa chini kabisa, thairoidi inapiga kelele bila kuitwa. Maabara nyingi huandika kiwango cha kawaida kati ya 0.4 na 4, lakini kwa wazee TSH hupanda kidogo yenyewe, na mtu wa miaka 80 anaweza kuwa na 6 au 7 naye ni mzima.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotelea.

TSH ya mama ikitoka juu mno, tuseme 30 au 60, na T4 ikawa chini, mjadala umekwisha: anahitaji dawa, tena maisha yake yote. Kwa kovu lile, sitashangaa. Lakini ikitoka 5 au 6 na T4 ikawa sawa, usikubali haraka kuambiwa kwamba hicho ndicho kinachomsahaulisha. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Uingereza, Ireland, Uholanzi na Uswisi. Wazee 737 wenye upungufu mdogo wa namna hiyo waligawanywa: wengine walipewa levothairoksini, wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya mwaka mmoja, waliomeza dawa hawakuwa wamechangamka kuliko wenzao. Kwa mzee wa namna hiyo, jambo la busara ni kurudia kipimo baada ya miezi miwili mitatu, na kutafuta sababu nyingine. Dawa ikizidi kwa mzee ina madhara yake: moyo unaanza kudunda ovyo, damu inaweza kuganda na kuleta kiharusi, na mifupa inapungua nguvu.

Upo pia upande wa pili, ambao kwa wazee hudanganya hata madaktari. Kijana ambaye thairoidi yake inafanya kazi kupita kiasi utamjua: anatetemeka, anatoka jasho, macho yametoka, hatulii. Mzee mwenye tatizo hilo hilo anaweza kuwa kimya, amekonda, amekata tamaa, hali chakula, na dalili pekee ni moyo unaodunda ovyo. Nimeona wodini mzee wa namna hiyo akiwa ameandikiwa dawa za sonona kwa muda mrefu, kisha mwanafunzi mmoja wa udaktari akamshika mkono kupima mapigo, akayakuta hayana mpangilio, akaomba TSH. Mama yako kwa maelezo yako hafanani na huyo, lakini damu ile ile inajibu maswali yote mawili.

Siku hiyo ya hospitali, mwambie daktari asiishie kwenye tezi. Wingi wa damu, sukari, figo, chumvi za mwili, vitamini B12, kipimo cha VVU na kaswende (usione haya, wazee nao ni watu), na mkojo. Kama mama anameza metformini ya kisukari kwa miaka mingi, itaje, maana hushusha B12, na B12 ikipungua akili huchanganyikiwa. Kama aliwahi kuanguka akagonga kichwa miezi ya karibuni, litaje hilo kabla ya yote. Damu inaweza kuvuja taratibu na kuukandamiza ubongo. Masikio yake pia yatazamwe. Mzee asiyesikia vizuri huonekana msahaulifu kumbe swali halikumfikia. Daktari akitoa kinyundo cha mpira akamgonga nyuma ya kifundo cha mguu, tazama na wewe: mguu huruka, kisha hurudi mahali pake. Kwa mwenye upungufu mkubwa wa thairoidi mguu huruka vizuri lakini hurudi taratibu, kwa uvivu unaoonekana kwa macho. Ni kipimo cha bure, na nilipenda sana kukionyesha kwa wauguzi wapya.

Akianza dawa, kazi itakuwa yako wewe, kwa sababu huwezi kumwachia mtu anayesahau akumbuke dawa ya kusahau. Kidonge kinamezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji, si kwa chai, na chai isubiri nusu saa au saa nzima. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na vile vya kiungulia vinazuia dawa isiingie mwilini. Vikae mbali nayo kwa saa nne. Kwa mzee daktari ataanza na kiasi kidogo, mikrogramu 25 au hata nusu yake, kwa sababu moyo uliozoea kwenda polepole haupendi kuamshwa kwa kishindo. Usimwongezee kwa sababu jirani anameza 100. Akisahau siku moja msifadhaike. Dawa hii hukaa mwilini, baada ya wiki moja hivi nusu yake bado ipo. Kipimo kinarudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, kisha wanarekebisha. Na kama aliwahi kutumia au anatumia dawa za kifua kikuu, za kifafa, za mapigo ya moyo au lithiamu, ziandike kwenye karatasi, kwa kuwa baadhi huivuruga tezi yenyewe na baadhi huimaliza dawa haraka mwilini.

Usitegemee mabadiliko ya wiki moja. Choo kigumu, baridi na usingizi ndivyo huanza kupungua. Akili hufuata nyuma, kwa miezi. Na hapa sitakudanganya: wazee ambao usahaulifu wao unaondoka wote kwa dawa ya thairoidi si wengi. Wengi wanapata nafuu ya uchovu na huzuni, wanarudi kucheka, na bado wanasahau kiasi. Mama yako ana dalili nyingi za mwili zinazoelekea kwenye tezi, ndiyo maana nina matumaini kwake kuliko ninavyokuwa kwa barua nyingi za aina hii. Lakini matumaini si majibu ya maabara.

Majibu yakitoka mazuri yote, bado hujafika mwisho wa njia. Omba apimwe kumbukumbu kwa utaratibu. Watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kinachowafaa wazee wetu ambao hawakusoma sana. Hakimtaki mzee aandike wala achore. Anasikia maneno kumi na kuulizwa tena baadaye, anataja wanyama wengi awezavyo, anapanga njiti za kiberiti kwa mfano aliowekewa. Katika utafiti wao wa Hai, kati ya watu wa miaka 70 na zaidi, takribani 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kusahau. Maana yake ni kwamba wazee wengi sana hawana ugonjwa huo. Mwambie kaka yako hivyo anaposema ni uzee. Kumpumzisha mama ni vizuri. Kumpumzisha bila kumpima ni kumtelekeza kwa upole.

Mama mdogo simtukani. Anampenda dada yake na anatafuta sababu, kama wewe. Ila mwambie kwa heshima kwamba maneno ya mkono wa mtu yana miguu, na yakitoka nyumbani yanaweza kugeuka njiani. Leo mama karogwa, kesho mama ndiye mchawi. Nchi hii imezika bibi wengi waliouawa kwa sababu ya macho mekundu tu. Mzee mwenye uso uliovimba, sauti iliyobadilika na anayekaa kimya akitazama ukuta ndiye hasa jirani mjinga humnyooshea kidole. Wakitaka kumwombea, wamwombee, hata mimi nitasema amina. Asipewe dawa ya kunywa ya mtu yeyote mpaka majibu yatoke.

Piritoni acha leo. Dawa hiyo huwasinzisha na kuwachanganya wazee, na kuipa mtu anayesahau ni kumzidishia. Vidonge vya usingizi, kama amemeza kwa siku chache tu, viache pia. Kama ni wiki nyingi mfululizo, usikate ghafla, mpelekee daktari pakiti aone ni dawa gani na akupangie namna ya kupunguza. Muuza dawa aliyekupa hakumtazama mama hata usoni.

Ulimfokea, basi. Umechoka, unalea watoto, unamlea na mzazi, na kaka yako anatoa ushauri kwa simu. Muombe radhi mama hata kama hakumbuki, mbele ya wale wale watoto, kisha mpigie kaka umwambie kiasi cha pesa cha nauli na vipimo na tarehe ya kutuma. Usimwombe maoni, mwombe pesa. Na jikoni mama asifukuzwe. Apike na mjukuu mmoja kando yake, maharage yawe ya wote wawili.

Jambo la mwisho, na hili halisubiri foleni wala siku ya kliniki. Mama akianza kusinzia kiasi kwamba kumwamsha ni kazi, mwili ukawa wa baridi ukimgusa, akapumua polepole au akaongea mambo yasiyoeleweka, mpeleke hospitali usiku huo huo, na neno la kwanza umwambie daktari wa zamu liwe hili: aliwahi kukatwa rovu.